Stratford ya Shakespeare kwa siku moja: mwongozo kamili wa kiangazi

Shemeji yangu alinipigia simu saa tano asubuhi. "Nimeshashuka Stratford," akasema, "ila huo mto wenu siuoni. Naona maduka tu." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi kando ya Avon, batamaji wawili wanaikodolea macho chapati yangu. Yeye alikuwa mashariki ya London, kwenye Stratford ya uwanja wa Olimpiki wa 2012, zaidi ya kilomita 100 kutoka nilipokuwa. Chapati zake nilizila mimi.

Basi tuanze na jina.

Tiketi na njia

Mji tunaoutaka ni Stratford-upon-Avon, katika jimbo la Warwickshire, katikati ya Uingereza. Kwenye mashine ya tiketi au kwenye simu, andika jina lote mpaka ufike Avon. Ukiishia "Stratford", utapewa ile ya London, na hakuna atakayekuuliza kama una uhakika. Wageni waliozoea kugusisha kadi ya Oyster, ile ya nauli za London, kila mahali wajue kwamba kadi hiyo haifiki huku; lazima tiketi.

Kutoka Birmingham ndiyo rahisi kuliko zote: treni hupita vituo vya Snow Hill na Moor Street, na safari ni kama saa moja au pungufu kidogo. Kutoka London unaanzia kituo cha Marylebone, saa mbili na zaidi. Baadhi ya treni huenda moja kwa moja, nyingine zinakutaka ubadilishe njiani, mara nyingi Leamington Spa, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa. Reli inaishia Stratford, na hilo ni faraja kwa wenye usingizi: huwezi kupitilizwa.

Mkiwa watu watatu hadi tisa, ulizieni nauli ya kundi. Kampuni nyingi za treni hupunguza theluthi nje ya saa za msongamano, na wageni wetu wengi hulipa nauli kamili kwa sababu tu hawakuuliza. Wenye gari watapita barabara kuu ya M40. Mimi siwashauri, maana mitaa ni myembamba na maegesho ya kiangazi yatakulia nusu ya asubuhi.

Siku gani, saa ngapi

Kiangazi cha Uingereza kisikudanganye kwa jina. Ni Juni hadi Agosti, joto la nyuzi ishirini na kitu, na mvua inaweza kunyesha siku yoyote bila hodi. Kilichopo kwa wingi ni mwanga. Mwishoni mwa Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, na ndiyo maana safari ya siku moja inatosha kabisa.

Nenda siku ya kazi ukiweza. Shule hufungwa kuanzia karibu mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Septemba, na wakati huo mtaa wa Henley hugeuka Kariakoo. Juni ni bora. Kuna jambo moja tu litakalokufanya uchague siku yenye watu: onyesho la mchana la tamthilia. Ratiba ya jumba la Royal Shakespeare Company hubadilika kila msimu, kwa hiyo kaa na ratiba kwanza, chagua siku yenye onyesho la mchana, halafu ndipo ununue tiketi ya treni. Watu hufanya kinyume, kisha wanaishia kupiga picha mlangoni.

Na saa nazo: tiketi zao zimeandikwa kwa saa 24. 13:15 ni saa saba na robo mchana, 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Unacheka, lakini nina mgeni aliyekosa treni kwa kutoa sita pale alipopaswa kutoa kumi na mbili kwanza.

Kabla hujatoka nyumbani, soma

Hatua hii hairukwi. Mtu asiyesoma chochote cha Shakespeare atauona mji mzuri wa mbao na maua, atanunua sumaku ya friji, atarudi. Anayekwenda na tamthilia moja kichwani anaona mji mwingine kabisa.

Nasi hatuhitaji kusoma Kiingereza cha miaka 400 iliyopita. Mwalimu Nyerere, akiwa madarakani, alitafsiri tamthilia mbili. Ile ya Kaizari ilitoka mara ya kwanza 1963, akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka *Mabepari wa Venisi*. Lipime hilo neno. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akamfanya kuwa wengi, tena mabepari. Sijui mfasiri mwingine aliyeweka sera ya nchi yake kwenye jalada la Shakespeare kwa neno moja. Samuel Mushi naye alitoa *Makbeth* 1968 na *Tufani* 1969.

Nakala huwa kwenye maktaba za vyuo na kwenye makabati ya wazee waliosoma enzi hizo. Yangu ni ya baba, ina doa la chai kwenye hukumu ya Shailoki, yule mkopeshaji wa *Mabepari wa Venisi*. Kama tamthilia inayochezwa siku yako ni mojawapo ya hizi nne, una bahati, isome yote. Kama sivyo, soma kurasa 30 za mwanzo za yoyote, ujue sauti yake, na usome muhtasari wa ile utakayoiona.

Kwenye mkoba tia koti jepesi la mvua, chupa ya maji (ya bomba hunyweka, jaza tu), kanga mbili za kukalia, na chakula. Karibu kila mahali hulipwa kwa kadi, ila beba sarafu chache za kivuko na za sanduku la kanisa.

Kwa wanaoswali, mwishoni mwa Juni adhuhuri huingia kama saa saba na robo mchana na alasiri kama saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo onyesho la mchana linaanza na adhuhuri na kuisha kabla ya alasiri. Magharibi hutaiona mpaka umesharudi au uko njiani. Ng'ambo ya mto kuna uwanja mpana wa majani. Mimi hutandika kanga chini ya miti huko.

Asubuhi: mtaa wa Henley

Kutoka kituoni hadi katikati ya mji ni kama dakika kumi kwa miguu. Fuata watu.

Nyumba aliyozaliwa Shakespeare iko mtaa wa Henley, na kwa kawaida hufunguliwa saa nne asubuhi. Fika saa hiyohiyo. Mabasi ya watalii kutoka London huanza kumwaga watu baadaye kidogo, na vyumba vya nyumba ile havikujengwa kwa ajili ya umati. Sakafu inalia, dari iko chini, ngazi ni mtu mmoja.

Kuna nyumba kadhaa za familia hii mjini zenye kiingilio, na tiketi si rahisi. Ushauri wangu ni lipia moja tu, na iwe hii. Nyumba zikiwa tatu kwa siku, ya tatu utaipita kama unatafuta choo.

Ndani, usiharakie chumba cha kitanda. Kaa kwenye karakana ya baba yake. John Shakespeare alikuwa fundi wa glavu za ngozi, na kumbukumbu ya kwanza tuliyonayo kuhusu mtaa huu na mtu huyu ni faini: mwaka 1552 alitozwa kwa kurundika taka barabarani. Huyo ndiye baba wa mshairi wa taifa. Baadaye alipanda mpaka akawa mkuu wa mji, kisha mambo yakamwendea kombo. Ukiwaona mafundi wa ngozi wa kwetu, na harufu ya kazi yao, nyumba hii inakukaa karibu zaidi kuliko sanamu zote za huko nje.

Juu kuna dirisha la zamani ambalo wageni wa karne zilizopita walilichora majina yao kwenye kioo, akiwemo Walter Scott. Siku hizi ukifanya hivyo utatolewa na mlinzi. Nyumba yenyewe ilinunuliwa kwa mchango wa umma mwaka 1847, kwa paundi 3,000, kuiokoa isiangukie mikononi mwa mfanyabiashara.

Kuhusu siku ya kuzaliwa: kilichoandikwa ni ubatizo, 26 Aprili 1564. Tarehe 23 wanayoisherehekea ni mapokeo, nayo inapendwa kwa kuwa alifariki 23 Aprili 1616.

Kushuka kuelekea kanisani

Kuanzia hapa usipande chochote. Kutoka nyumba ya kuzaliwa hadi kaburini ni kama kilomita moja, na unatembea maisha yake yote: kitanda, nyumba ya utajiri, shule, kaburi.

Pita High Street, endelea na Chapel Street. Mkono wa kushoto, kabla tu ya kanisa dogo la mawe, utaona bustani mahali ambapo nyumba ilipaswa kuwa. Hapo ndipo New Place, aliyoinunua Shakespeare mwaka 1597, moja ya nyumba kubwa kuliko zote mjini. Haipo. Mwaka 1759 mmiliki wake, kasisi Francis Gastrell, aliibomoa baada ya kugombana na mji juu ya kodi. Miaka mitatu kabla yake alikuwa ameukata mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare mwenyewe, kwa kuchoshwa na watu waliokuja kuuchungulia. Mafundi wa mji wakauchonga ule mti, wakauza visanduku na vikombe kwa miaka na miaka, vingi kuliko mti mmoja unavyoweza kuzaa. Kumbuka hilo utakapouziwa "asili kabisa" dukani. Bustani ina kiingilio. Mimi hutazama kupitia uzio.

Jirani yake, Guild Chapel, huingii kwa malipo, na kwangu ni bora kuliko nyumba nyingi za tiketi. Ingia, simama katikati, tazama juu ya upinde wa mbele. Ule mchoro uliofifia ni Siku ya Kiyama. Uingereza ilipoacha Ukatoliki, picha za makanisani zikaamriwa zifutwe, na kwenye hesabu za mji za 1563 na 1564 kuna shilingi mbili zilizolipwa kwa kazi hiyo hapa. Mtunza hesabu alikuwa John Shakespeare, yule wa taka. Walipaka chokaa. Chokaa ndiyo iliyoihifadhi.

Ukitoka, jengo la mbao linaloungana na kanisa ni shule, na darasa linaloaminika kuwa alisoma Shakespeare liko ghorofani. Ni shule hai hadi leo. Wageni huruhusiwa kwa tiketi. Watoto wako wakiwa wa umri wa shule, waingize, wakaambiwe jinsi wavulana walivyoanza Kilatini saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kiangazi. Wangu waliacha kulalamika kwa wiki nzima.

Endelea na Church Street, pinda kushoto mtaa wa Old Town, mpaka Holy Trinity.

Kaburi

Kanisa liko kando ya mto, njia ya kuingilia imefunikwa na miti. Sehemu ya mbele yenye kaburi huombwa mchango. Hapo ndipo zile sarafu. Kama kuna harusi au mazishi, mtazuiwa, na ni haki yao. Hili ni kanisa la waumini kabla ya kuwa la wageni, basi sauti chini na kofia mkononi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba jiwe la Shakespeare halina jina lake. Watu hulitafuta, wanapiga picha la jirani. Liko chini, mbele ya altare, pamoja na la mkewe Anne, aliyefariki 1623. Utalitambua kwa mistari minne, ambayo kwa Kiswahili inakuwa hivi:

Rafiki mwema, kwa ajili ya Yesu jizuie
kuchimba vumbi lililofungiwa hapa.
Abarikiwe atakayeyaacha mawe haya,
alaaniwe atakayeihamisha mifupa yangu.

Si ushairi wake bora. Ila ulifanya kazi. Enzi hizo mifupa ya zamani ilifukuliwa kuwapisha maiti wapya, ikarundikwa kwenye chumba cha mifupa, na hili kaburi bado liko palepale baada ya miaka zaidi ya 400. Ukutani, upande wa kushoto, kuna sanamu yake akishika kalamu ya unyoya. Ilikuwepo tayari ifikapo 1623, wakati watu waliomjua kwa sura wangali hai, na anafanana na karani wa mkoa aliyeshiba.

Kabla hujatoka, zikumbuke tarehe za watoto. Alioa 1582, yeye miaka 18, Anne 26 na tayari mjamzito. Susanna akazaliwa 1583, mapacha Hamnet na Judith 1585. Hamnet alifariki 1596, akiwa na miaka 11. Mimi hutoka nje hapo, naketi kwenye ukuta wa mto.

Chakula na mto

Rudi katikati kwa njia ya kando ya Avon. Jina Avon lenyewe, kwa lugha ya kale ya Waselti, maana yake ni mto. Kwa hiyo wanaosema Mto Avon wanasema Mto Mto.

Njiani utaona kivuko kidogo kinachovutwa kwa mnyororo. Mhudumu anazungusha gurudumu kwa mkono, na mashua inasogea ng'ambo. Kipo tangu 1937. Waliozoea Kigamboni au Likoni watacheka, lakini vuka, nauli ni kidogo, na ng'ambo ndiko kwenye nafasi ya kutandika kanga na kula bila kupigwa vikumbo.

Chakula cha hotelini kando ya mto ni ghali na cha kawaida. Beba chako: chapati za kuku, maandazi, machungwa. Ukitaka samaki na chipsi, uliza kwanza wanakaangia nini, maana sehemu hizi za nchi baadhi ya maduka hutumia mafuta ya ng'ombe, na asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali atajuta. Saa kumi alasiri, chai na skoni zenye jamu na krimu nzito ni matumizi ninayoyaruhusu. Mabata ya hapa hayana adabu. Usiache mkoba wazi.

Kwenye bustani ya Bancroft, upande wa mji, kuna mnara wa shaba wa 1888: Shakespeare juu, na wahusika wanne kuzunguka. Yule mnene anayecheka ni Falstaff. Mpe salamu kwa Kiswahili, ataitikia. Mwaka 2012 kundi la waigizaji kutoka Kenya lilimchezesha kwa Kiswahili kwenye jukwaa la Globe, London. Nyuma yake lipo daraja la Clopton, matao 14, la karne ya 15, na magari bado yanapita juu yake. Shakespeare akienda London alilivuka hilo.

Onyesho

Jumba kubwa la matofali kando ya mto lilifunguliwa 1932 baada ya la kwanza kuungua 1926. Lilijengwa upya ndani na kufunguliwa tena 2010, na jambo la kukuhusu wewe mnunuzi ni hili: jukwaa sasa limeingia katikati ya watazamaji, na kiti cha mbali kabisa kiko mita 15 tu kutoka jukwaani, zamani kilikuwa mita 27. Kwa hiyo kiti cha bei ya chini kinatosha. Epuka tu vile vilivyoandikwa kwamba vina kizuizi mbele. Vijana wa miaka 14 hadi 25 wana bei yao maalumu, ulizia.

Usijilazimishe kushika kila neno. Dakika 20 za kwanza ni kama kusikiliza Kiswahili cha tenzi za kale: sikio linapapasa, halafu ghafla linazoea. Waingereza wenyewe wanapitia hayo, wanaficha tu.

Anayetoka London asinunue onyesho la usiku akitegemea treni ya kurudi. Ama la mchana, ama ulale.

Usipokuwa na onyesho, tumia mchana huo kwa Shottery, kijiji alikokulia Anne Hathaway. Ni njia ya miguu ya kama nusu saa kutoka mjini, na nyumba yake ya paa la nyasi, binamu wa makuti yetu, ina bustani nzuri mno mwezi Juni.

Kurudi

Treni za jioni si za kila dakika kumi. Piga picha ratiba ukishuka asubuhi, na uondoke mtoni dakika 25 kabla, maana kila mwenzako atataka duka moja la mwisho. Mwaka uliofuata shemeji alifika kweli. Tulitazama onyesho la mchana, tukavuka kivuko, akajilaza kwenye kanga na nakala ya baba, akagoma kuinuka mpaka Shailoki apate haki yake. Treni ya saa kumi na mbili ikatupita. Tukapanda iliyofuata, na tulipoingia Birmingham jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa.